Kanga, boksi na kiroba cha unga: namna ya kuzielewa ligamenti za ini bila kukariri

Mi ligamenti za ini nilizikariri mara nne na mara zote nne nikazisahau. Majina nilikuwa nayashusha kama konda anavyotaja vituo kutoka Buhongwa hadi Airport, falsifomu, koronari, triangula ya kulia, triangula ya kushoto, teresi, venosamu, twende, ila ukinisimamisha katikati ukaniuliza hii inaanzia wapi na ikifika mwisho inageuka kuwa nini, kimya. Siku ya mtihani wa mdomo nikaulizwa ini limegawanywa na nini kulia na kushoto, nikajibu fasta kabisa, falsifomu. Mtahini akatabasamu, akasema, "Kwa hiyo mpasuaji akitaka kutoa nusu ya kulia anapitisha kisu hapo?" Nikasema ndiyo mzee. Akasema asante, unaweza kwenda. Nimeshafika chini ya ngazi ndo nikaelewa ile asante ilikuwa ya namna gani.

Kilichonitoa ni kanga ya mama. Nitaeleza nilivyofanya, na we ukifanya hivyo hivyo jioni moja tu sidhani kama utarudi kukariri, uwe unasoma utabibu, uuguzi, radiolojia au una hamu tu ya kujua kilichomo tumboni mwako.

Kwanza futa kichwani picha ya kamba. Ukisikia ligamenti unawaza goti la mchezaji pale Kirumba, kitu kigumu kinachofunga mfupa na mfupa, kikikatika jamaa anabebwa. Za ini siyo hizo. Nyingi ni utando tu, ule utando mwembamba unaoteleza unaoitwa peritonia, ambao umetandikwa ndani ya ukuta wa tumbo kisha ukakunjwa kuja kuvaa ini. Pale unapokunjika, kutoka ukutani kuja kwenye ini, lile kunjo ndo limepewa jina la ligamenti. Mbili kati yake, teresi na venosamu, kweli zinafanana na kamba, ila zenyewe ni mishipa ya damu iliyokufa, nitafika huko. Kwa hiyo kazi yako ni kufuata nguo inakunjika wapi, basi.

Tafuta boksi la katoni, lile la sabuni linatosha. Tafuta kanga moja, mtu asiyeihitaji kwa siku hiyo akuazime, pini kadhaa, tepu pana, uzi mnene, chaki, na unga kilo moja na nusu kwenye kiroba kilichofungwa vizuri. Nasema kilo moja na nusu makusudi maana ini la mtu mzima ni kama hapo, na ukilishika mkononi ndo unaelewa kwa nini swali la "linashikiliwa na nini" lina maana. Nami nilidhani ini ni kitu cha kilo nusu hivi, kama ninavyonunua bucha.

Lisimamishe boksi uwazi ukutazame. Dari la boksi ni kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Ukuta wa nyuma ni mgongo. Huo uwazi ulioko mbele yako ni ukuta wa mbele wa tumbo, na kwa kuwa hatuna ukuta hapo, kata ubao wa katoni wa upana wa vidole viwili uugandishe wima katikati ya uwazi, kutoka juu hadi karibu na chini, kama mwimo wa mlango. Chini ya ubao huo chora duara, hicho ni kitovu. Halafu andika KULIA kwenye upande wa boksi ulio kushoto kwako, maana mgonjwa amekuelekea. Usiruke hapo. Nusu ya makosa yote ya anatomia ninayoyajua yanatoka kwa mtu aliyesahau kulia ni kwa nani.

Sasa chukua kiroba, kibandike darini kwa tepu, sehemu ya juu kwa nyuma, upande wa kulia wa mgonjwa zaidi ila kikivuka kidogo kwenda kushoto. Tepu iguse kiroba na dari moja kwa moja, bila nguo katikati. Hiyo sehemu yenye tepu ndiyo sehemu tupu ya ini, ndo inavyoitwa, kwa sababu haijavaa peritonia. Pale ini limelala kwenye kiwambo nyama kwa nyama, wameshikana kwa tishu tu. Ikumbuke hiyo tepu, tutairudia.

Halafu kanga. Itandike darini kuanzia mbele ukienda nyuma. Kabla hujafika kwenye tepu, ikunje ishuke juu ya kiroba, irudishe mbele, iteremke uso wa mbele wa kiroba, izunguke ukingo wa chini, ipite chini ya kiroba ikirudi nyuma, ipande mpaka iikute tepu kwa upande wa pili, hapo ikunje tena ishuke kwenye ukuta wa nyuma. Ukiangalia kwa ubavu utaona kanga imelivaa ini karibu lote ila haikufunga nyuma, imeacha kiraka cha tepu. Kunjo la kwanza, la mbele ya tepu, ni tabaka la juu la ligamenti ya koronari. Kunjo la pili, la nyuma ya tepu, ni tabaka la chini la hiyo hiyo koronari. Umeona? Koronari haina kamba yoyote, ni pindo la nguo linalozunguka kiraka kitupu, na koronari maana yake ni ya taji, lile la kuvaa kichwani. Mi nikiikumbuka nakumbuka pindo la kanga na mambo yanaisha.

Nenda ukingo wa kulia kabisa wa ini. Pale tabaka la juu na la chini yanakutana, na yakikutana yanafanya pembe, hiyo pembe ndo triangula ya kulia. Hakuna kingine cha kusema, ni kona tu ya koronari. Ya kushoto ni tofauti kidogo, huku ini ni jembamba, matabaka mawili yamebanana karibu karibu bila kiraka cha maana katikati, kwa hiyo unapata ligamenti moja ndefu nyembamba kutoka juu ya lobu ya kushoto ya ini, yaani sehemu yake ya kushoto, hadi kwenye kiwambo, na kwenye ncha yake kuna mkia wa nyuzi nyuzi ambapo zamani palikuwa na nyama ya ini. Wapasuaji wanaikata hii wakitaka kuisogeza lobu ya kushoto ili wafike pale umio unapoingilia tumboni, na wanaikata kwa uangalifu maana ndani ya ule mkia kunaweza kuwa na vijimirija vya nyongo.

Haya, rudi mbele. Kanga iliyo kwenye uso wa mbele wa kiroba, ivute katikati uibane kwa vidole viwili mpaka upate mkunjo wa matabaka mawili yaliyopeana mgongo, halafu ule mkunjo ubane kwa pini kwenye ubao wa katoni, kuanzia juu darini mpaka karibu na kitovu. Hiyo ni falsifomu. Jina linatokana na mundu, na ukiitazama kwa ubavu kweli ni mundu, upande mmoja umeshika ukuta wa tumbo na kiwambo, upande mwingine umeshika ini, na ukingo wa chini uko huru, umejikata kama makali. Kwenye huo ukingo huru pitisha uzi wako mnene kutoka kitovuni hadi chini ya ini. Uzi ni teresi.

Ukiingiza mkono wa kulia kwenye boksi juu ya ini upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, mikono haikutani, falsifomu imekaa katikati kama pazia. Na ukiisukuma mikono kwenda nyuma, mmoja unagota kwenye koronari tabaka la juu, mwingine unagota kwenye triangula ya kushoto. Fanya hivyo mara tano sita. Mkono unakumbuka kuliko macho, mi hapo ndo nilianza kucheka peke yangu sebuleni mpaka mdogo wangu akauliza kama nina malaria.

Juu kabisa, pale falsifomu inapofika darini karibu na nyuma, matabaka yake mawili yanaachana. La kulia linaenda kulia, linakuwa tabaka la juu la koronari, linafika kwenye kona ya triangula ya kulia, linageuka, linarudi kama tabaka la chini la koronari, linapita juu ya figo la kulia, linapita mbele ya vena kava ya chini, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu ya chini ya mwili kwenye moyo, linazunguka kisehemu kidogo cha nyuma cha ini kinachoitwa kaudeti, halafu linashuka. La kushoto linaenda kushoto, linakuwa uso wa mbele wa triangula ya kushoto, linageuka kwenye ncha, linarudi kwa nyuma, nalo linashuka. Yanashuka wapi? Yanakutana tena chini ya ini, yanapeana mgongo tena, yanaelekea kwenye tumbo la chakula kama kunjo linaloitwa omentamu ndogo, la kushoto likiwa la mbele na la kulia likiwa la nyuma. Yaani nguo ni ile ile moja toka mwanzo, ina njia mbili tu zilizoachana juu na kukutana chini. Huu ndo mstari ambao vitabu vinaukatakata vipande sita na kuvipa majina sita, halafu wanashangaa tunasahau.

Turudi kwenye teresi maana ina hadithi. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako damu yenye oksijeni ilitoka kwenye kondo la nyuma, ikaingia kwa kitovu chako kupitia mshipa mmoja wa vena, ikapanda kwenye ukingo wa falsifomu hadi kwenye ini. Sehemu ya damu hiyo ilipita ndani ya ini, nyingine ikachukua njia ya mkato, mrija wa venosi, ikaenda moja kwa moja vena kava ili ifike moyoni haraka. Ulipozaliwa, kitovu kikakatwa, damu ikakosa kazi kwenye njia zile. Mshipa wa kitovuni ukasinyaa ukawa teresi, ule mrija wa mkato nao ukasinyaa ukawa venosamu. Kwa hiyo ukikutana na hizi mbili zikumbuke kama jozi, moja mbele, moja nyuma, zote ni barabara zilizofungwa. Siku chache za mwanzo mtoto anapozaliwa ile barabara bado inapitika, ndo maana kwenye wodi za watoto wachanga wanaweza kupitisha mpira mwembamba kitovuni wakampa dripu na dawa.

Na usichanganye. Kuna teresi ya ini, kuna nyingine ya mji wa mimba, na kuna nyingine ndani ya nyonga inayoshika kichwa cha fupaja. Neno lenyewe maana yake ni ya mviringo tu, wale wazee wa Kilatini wakiona kitu cha mviringo wanakipa jina hilo hilo. Mtihani ukisema "teresi" bila kusema ya wapi, soma swali tena.

Kwetu huku kandokando ya ziwa falsifomu ina habari ya ziada ambayo kitabu kilichoandikwa mbali kinaipa mstari mmoja. Pembeni ya teresi, ndani ya falsifomu, kuna vijishipa vidogo vinavyounganisha vena ya lango, ile inayoleta damu ya utumbo kwenye ini, na mishipa ya ngozi kuzunguka kitovu. Kwa mtu mzima asiye na shida vimelala. Ila sasa chukua mtu ambaye kakulia mwaloni, anaoga ziwani, anachota maji ziwani, anavua, kapata kichocho cha tumbo miaka na miaka bila dawa. Minyoo wale wanakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yao mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye matawi madogo ya vena ya lango ndani ya ini, yanakwama, mwili unayajengea makovu kuzunguka mishipa. Makovu haya daktari Symmers aliyaeleza mwaka 1904. Damu ya utumbo ikikuta ini limebana inatafuta njia za uchochoroni, bandama linavimba, mishipa ya umio inatuna na ikipasuka mtu anatapika damu, na mara nyingine vile vijishipa vya falsifomu vinafunguka vikajaa, ukipiga altrasaundi unauona mshipa unapita kwenye falsifomu ukielekea kitovuni, na kwa wachache unaona mishipa imetapakaa kwenye ngozi kuzunguka kitovu. Kwa hiyo mwenzangu unayesomea huku, ukifika wodini ukaona tumbo la namna hiyo kwa mvuvi wa Ukerewe au Sengerema, falsifomu siyo tena swali la mtihani. Na kama we mwenyewe umekulia kwenye maji hayo, nenda kapime, dawa yake, praziquantel, inatolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili.

Altrasaundi hiyo hiyo ina mtego mwingine. Teresi ikikatwa kwa upana kwenye picha inaonekana kama kidoa cheupe cha duara ndani ya lobu ya kushoto, na mtu mgeni anaweza kusema uvimbe. Zungusha probu, kile kifaa kinachopitishwa kwenye ngozi, uitazame kwa urefu. Ikirefuka kama mstari unaoelekea kitovuni, hiyo ni teresi.

Sasa geuza kiroba, tuangalie chini yake. Chora kwa chaki herufi H kubwa. Ila kumbuka unalitazama ini kwa chini, mgonjwa bado amekuelekea, kulia kwake bado ni kushoto kwako na mbele ya ini iko juu ya mchoro wako. Mguu wa kulia wa H, kipande cha mbele ni kitanda cha kifuko cha nyongo, kipande cha nyuma ni mfereji wa vena kava. Mguu wa kushoto, kipande cha mbele ni ufa wa teresi, cha nyuma ni ufa wa venosamu, ile jozi yetu. Mstari wa katikati unaounganisha miguu ni lango la ini, mlango wa kuingilia damu na wa kutokea nyongo. Kipande cha ini kilichobaki mbele ya mstari huo kinaitwa kwadrati, cha nyuma ni kile kile kaudeti. Ichore hii H mpaka uweze kuichora huku unaongea na simu.

Hapo ndo lilipo jibu la yule mtahini wangu. Falsifomu na mguu wa kushoto wa H vinagawa ini kwa macho tu. Mgawanyo wa kweli, wa damu na nyongo, unafuata mguu wa kulia, mstari kutoka kifuko cha nyongo kwenda vena kava. Mpasuaji Cantlie ndiye aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19, na Couinaud, Mfaransa, miaka ya 1950 akaligawa ini segmenti nane kwa kufuata mishipa. Falsifomu kwenye ramani hiyo inatenga segmenti ya pili na ya tatu upande mmoja na ya nne upande wa pili, na zote tatu ni za ini la kushoto. Ningelijua hilo siku ile ningeshuka ngazi taratibu.

Omentamu ndogo inatoka kwenye H hiyo hiyo, inaanzia kwenye ufa wa venosamu na kwenye lango la ini, inashuka. Sehemu inayoenda kwenye tumbo la chakula, hepatogastriki, ni nyembamba, mara nyingi unaona hadi upande wa pili, nimeipita. Inayoenda kwenye duodeni, ule mwanzo wa utumbo mdogo, inaitwa hepatoduodeni, hiyo kaa nayo. Ndo ukingo wa kulia wa omentamu, mnene, na ndani yake kuna vitu vitatu ambavyo ukivichanganya chumba cha upasuaji mtu anaumia. Mi navikumbuka kwa Hiace. Mgonjwa anatazama mbele kama gari linavyotazama mbele. Dereva anakaa kulia, huyo ni mrija wa nyongo. Abiria wa mbele anakaa kushoto kwake, huyo ni ateri ya ini. Nyuma yao abiria wamebanana, sehemu kubwa pana kuliko zote, hiyo ni vena ya lango. Na ni kweli ni pana, karibu robo tatu ya damu ya ini inapitia hapo, ateri inaleta robo tu. Ukitoka kwa mlango wa nyuma wa Hiace unakuta uwazi, huo ni tundu la Winslow, linaloingia kwenye kifuko kilicho nyuma ya tumbo la chakula, na nyuma ya uwazi huo, kama gari jingine limepaki nyuma yako, kuna vena kava ya chini.

Sasa kidole cha shahada ukikipitisha kwenye tundu hilo na dole gumba likabaki mbele, umeshika Hiace nzima. Bana. Damu inayoingia kwenye ini imesimama. Mpasuaji Pringle alilieleza hilo mwaka 1908 kwa watu walioumia ini, na mpaka leo mtu akiletwa kagongwa na ini linabubujika, mpasuaji anaanza kwa kubana hapo. Ikiendelea kutoka damu ya vena huku amebana vizuri, anaanza kushuku kwamba inatoka nyuma, kwenye vena za ini au vena kava yenyewe. Jaribu kwenye boksi, pitisha mirija mitatu ya soda ndani ya mkunjo wa kanga kwa mpangilio wa dereva, abiria na siti za nyuma, halafu bana huku umefumba macho. Kama dereva hayuko kulia kwa mgonjwa, anza upya.

Kuhusu ajali, kuna jambo moja zaidi. Gari au pikipiki ikisimama ghafla, mwili unasimama ila ini lenye uzito wake linataka kuendelea mbele, na pale teresi na falsifomu zilipoligandisha linaweza kuchanika kama jibini linalokatwa kwa uzi. Damu inayomwagika, mgonjwa akiwa amelala chali, inajikusanya kwenye kijishimo kati ya ini na figo la kulia, nyuma pale chini ya tabaka la chini la koronari, kijishimo cha Morison. Ndo maana altrasaundi ya haraka ya majeruhi haikosi kupita hapo.

Tumefika kwenye ile tepu. Wanafunzi wengi wakiulizwa ini linashikiliwa na nini wanataja ligamenti zote sita kwa furaha. Fanya hivi: toa pini zote, vua kanga yote. Kiroba kimebaki darini, kimeshikwa na tepu. Irudishe kanga, halafu bandua tepu, uone kama kunjo la kanga peke yake litabeba kilo moja na nusu. Mi nilifanya hivyo bila kuweka kitu chini, kiroba kikashuka, kikapasuka, unga ukaingia hadi kwenye kochi, na mama akasimama mlangoni akauliza, "Na hiyo ni somo gani tena?"

Kwenye mwili, tepu yetu ni tishu ya sehemu tupu, ikisaidiwa na vena za ini, tatu kubwa, zinazotoka ndani ya ini na kuzama kwenye vena kava ambayo yenyewe imeshikwa na kiwambo, ini liko kama embe kwenye kikonyo. Chini yake kuna utumbo, figo, duodeni na tumbo la chakula vimejazana, na misuli ya tumbo inabana vyote visishuke. Koronari na triangula zinachangia, falsifomu inachangia kidogo sana, kazi yake zaidi ni kuzuia ini lisizunguke zunguke. Kwa hiyo ukirudia jaribio lako, chini ya kiroba weka nguo zilizokunjwa, hizo ni utumbo, mambo yataenda vizuri na kochi litasalimika.

Na kwamba ini linafuata kiwambo unaweza kulihisi saa hii. Lala chali, kunja magoti, weka vidole chini ya mbavu za kulia, vuta pumzi ndefu kwa mdomo. Kiwambo kinashuka, ini linashuka nacho. Kwa mtu mwembamba ukingo wake unaweza kugusa vidole. Ndo sababu daktari anasema vuta pumzi.

Ukimaliza boksi, nenda bucha au kwa mchinjaji, mwombe ini la mbuzi zima, mwambie asikate pembeni, akuachie na kipande cha kiwambo na kifuko cha nyongo. Wa asubuhi ndo wazuri, maini yakikaa yanalainika. Utaona utando unaoteleza juu ya nyama, hiyo peritonia, na chini yake gamba jembamba lililoshikana na nyama, hilo ni la Glisson. Vuta kiwambo taratibu utaona pale utando unapokunjika na pale nyama iliposhikana na msuli bila utando, sehemu tupu. Kwa mbuzi mdogo ukibahatika utaona na alama ya teresi. Ila usitafute ramani ya binadamu yote, mbuzi ana lile tumbo kubwa la kucheulia limejaza kushoto kote, kwa hiyo ini lake limesukumwa karibu lote kulia, na kwa mnyama mzima falsifomu ni hafifu sana. La kitimoto nalo limechanwa vipande virefu, usilinganishe. Ukikata ukakuta kwenye mirija ya nyongo vidudu bapa kama majani, hiyo ni minyoo ya ini, usilipeleke jikoni.

Na kabla ya kulipeleka jikoni toa kifuko cha nyongo, usikivute, kata na kipande cha ini kilichoshikana nacho. Mi nilikivuta. Mama alionja mara moja, akasogeza sahani, akala ugali wake wa udaga na dagaa wa jana.